Mafuta ya Baiskeli ya Mwalimu



Kila mwaka masika yanapobisha hodi hapa Kimwani, sisi tunayo desturi moja ambayo wageni wa nyumba ya mapadri huishangaa. Kabla ya kukagua paa la kanisa na kabla ya kutafuta miavuli, tunafungua stoo na kutazama chupa iliyo nyuma ya mlango: je, mafuta ya minyororo ya baiskeli yamo? Katika tafakari ya juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya chupa hiyo. Ni jambo dogo, lakini tulilijifunza kwa gharama ambayo hatukuilipa sisi.

Kwa wale mnaotusoma kutoka mbali, Kimwani ni sehemu ya kusini ya Wilaya ya Muleba, katika Mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Ziwa hili ndilo mama wa mvua zetu. Mjini Bukoba, kaskazini kwetu, mvua ya mwaka mmoja hufikia milimita 2,000 hivi, yaani zaidi ya mara tatu ya ile inayonyesha Dodoma. Huku kwetu ni pungufu, lakini mwezi Machi hadi Mei, na tena mwezi Oktoba hadi Desemba, matope hayakauki. Udongo mwekundu unapolowa hugeuka uji, na uji huo ndani yake una mchanga. Ukitoka kwenye barabara ya lami na kuingia njia za migombani, mwendo wa nusu saa watosha kuifanya baiskeli nzima iwe na rangi moja.

Na baiskeli zetu si za matembezi. Hubeba mikungu ya ndizi mitatu hadi minne, magunia ya mihogo, madumu ya rubisi, na kutoka mialoni hubeba samaki. Wabebao kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, wanajua kwamba maji ya chumvi yakidondokea mnyororo usiku mmoja, asubuhi yake kutu imekwisha ota. Kutu yahitaji vitu vitatu tu: chuma, hewa na maji. Chumvi huharakisha kazi. Sisi katika Kagera hatujawahi kupungukiwa hewa wala maji.

Hali kadhalika baiskeli hubeba walimu wetu wa dini, ambao wengine huwaita makatekista. Padri mmoja mwenye vigango vingi hawezi kuwa kila mahali. Mwalimu ndiye anayeongoza ibada ya Dominika pale padri asipofika, anayefundisha wakatekumeni, anayezika, na anayekuja kutuita usiku kama kuna mgonjwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo yote ilitegemea magurudumu mawili na mnyororo mmoja.

Sasa tuseme kosa letu. Kila gari la parokia lilipobadilishiwa oili, tulikuwa tukiichukua ile ya zamani katika dumu la lita tano na kuiweka stoo. Katika mkutano wa walimu wa kila mwezi tuliwagawia: kila mmoja na kichupa chake, kwa ajili ya baiskeli. Tuliona ni hekima na tena ni ukarimu. Hakuna kilichotupwa, hakuna fedha iliyotumika, na walimu walitushukuru. Kwa kweli, tulikuwa tukiwapa masazo na kupokea shukrani kamili.

Masika ya mwaka 2004, usiku mmoja wa mvua kubwa, mama mmoja mzee wa kigango cha mbali alizidiwa. Aliomba padri. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa hazijafika katika kigango kile, basi watoto wake wakamwamsha mwalimu, naye akapanda baiskeli. Umbali ulikuwa kilometa 14 hivi. Hakufika hata theluthi ya njia. Mnyororo ulikatika mlimani. Aliutafuta gizani kwa mikono, akaupata, akautia mfukoni, akaisukuma baiskeli hadi kwetu. Alifika alfajiri, amelowa, magoti yamejaa udongo.

Tunaona haya kuandika neno letu la kwanza kwake. Tulimwuliza, kwa sauti isiyokuwa nzuri, "Mwalimu, mbona umechelewa namna hii? Hukuwa na baiskeli?" Akajibu, "Baiskeli ninayo, Baba. Nimeisukuma." Hakuongeza neno.

Tulikwenda kwa gari. Tulipokaribia ule mji tulisikia kilio, tukajua. Binti wa marehemu alitupokea kwa heshima, akatupa kiti, akasema, "Alikuwa akiuliza kama mmeshafika." Huruma ya Mungu haingojei baiskeli, hilo tunaliamini na kulifundisha. Lakini sisi tulikuwa tumeagizwa kufika, na hatukufika.

Baada ya mazishi tuliupeleka ule mnyororo kwa fundi baiskeli wa kijijini, tukiwa na nia, tukiri, ya kusikia kwamba mwalimu hakuutunza. Fundi aliushika kwa vidole viwili. Kwa nje ulikuwa mweusi, unang'aa kwa oili. Akaukunja pingili baada ya pingili: nyingine zilikunjika, nyingine zilikaza kama kidole chenye baridi yabisi. Akautumbukiza katika kopo la mafuta ya taa, akautikisa. Yaliyotoka hayakuwa meusi tu. Yalikuwa na wekundu wa kutu. Akatuambia, "Baba Paroko, huu umepakwa mafuta mgongoni, na tumboni una kiu."

Tukamwomba atufundishe, akatufundisha. Mnyororo wa baiskeli kama tunaoutumia leo una asili katika kazi ya Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, aliyeubuni mnyororo wa namna hiyo huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Kila pingili ina pini inayopita katikati, na juu yake kijigurudumu kinachozunguka kwenye meno. Msuguano wote uko ndani, kati ya pini na kile kinachoizunguka. Hapo ndipo mafuta yanapohitajika. Mafuta yaliyo nje hayaendeshi kitu. Kazi yake ni kushika mchanga tu. Tena kutu inapoota ndani ya pingili hutanuka kuliko chuma iliyokula, nayo huibana pini mpaka haikunjiki. Pingili iliyokaza hulazimishwa na meno kila mzunguko, hadi siku moja, mlimani, ubavu wake unang'oka kwenye pini.

Ndipo tulipoelewa oili yetu ilifanya nini. Kwanza, ilikuwa chafu. Oili iliyotoka katika injini ina masizi, ina chembechembe za chuma kilicholika, na ina asidi iliyotokana na moto wa injini. Kuitia kwenye mnyororo ni sawa na kuutia msasa mwembamba. Aidha, si salama kwa ngozi: oili ya namna hiyo imeonekana kuleta saratani ya ngozi kwa wanyama waliopakwa mara kwa mara katika maabara, na walimu wetu walikuwa wakiipaka kwa vidole vitupu. Pili, waliipaka juu ya mnyororo uliolowa, kwa sababu sisi hatukuwaambia waukaushe kwanza. Mafuta yakipakwa juu ya maji huyafungia maji ndani. Mwalimu alikuwa ameutunza mnyororo wake kwa uaminifu, kila Jumamosi, kwa kitu tulichompa na kwa namna tusiyomfundisha.

Fundi hakutulaumu. Alisema tu kwamba watu wengi huuliza ni mafuta gani yaliyopo, kumbe wangeuliza ni mafuta gani yanayofaa. Neno hilo lilituchoma, kwa maana sisi mapadri tunajua sana kwamba mafuta si mafuta tu. Katika sanduku la sakristia tunazo chupa tatu, kila moja na alama yake: mafuta ya wagonjwa, mafuta ya wakatekumeni, na krisma takatifu. Hatujathubutu hata siku moja kuchukua moja mahali pa nyingine ati kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kumbe kwa chombo kinachobeba habari za wagonjwa hao hao tulikuwa tunachukua chochote kilichomwagwa gereji.

Tangu siku ile tumejaribu mengi katika baiskeli zetu na za walimu, na tunapenda kuwaeleza tuliyoyaona, ili anayesoma akiwa na baiskeli barazani apate la kumfaa.

Mafuta ya kupikia yako karibu na kila mtu, na wengi huyatumia. Mafuta ya alizeti huingia vizuri siku ya kwanza, lakini yakikaa hewani hugeuka gundi, na baada ya majuma kadhaa pingili hunata. Mawese yana shida nyingine: asubuhi zetu zina baridi ya kutosha kuyagandisha, nayo hubaki nje kama ukoko bila kupenya. Tuyaache jikoni.

Mafuta ya cherehani ni masafi na ni mepesi. Hupenya ndani mara moja na hayachafui nguo. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, yanafaa kabisa. Lakini wepesi huo huo ndio udhaifu wake wakati wa masika: mvua moja ya nguvu, na yamekwisha oshwa.

Grisi ni kinyume chake. Haioshwi upesi, lakini ni nzito mno kuingia kwenye pini. Hukaa nje, hushika mchanga, na mnyororo hugeuka kuwa jiwe la kunolea. Grisi ni ya vikombe vya gololi, si ya mnyororo.

Kuna pia dawa za kupuliza za kwenye makopo, zinazouzwa katika maduka ya vipuri mijini. Iliyo maarufu kuliko zote, WD-40, ilibuniwa Marekani mwaka 1953, na jina lake lenyewe lamaanisha kufukuza maji, kwa fomula ya arobaini; ilikusudiwa kukinga makombora dhidi ya kutu. Hufanya kweli kile ilichoitiwa: hufukuza maji na kulegeza pingili iliyokaza. Ila ni nyepesi, haidumu. Ukiitumia, fuatisha mafuta mengine.

Mtumishi wetu wa altare mmoja alituuliza kama masazo ya mishumaa hayawezi kufaa. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Waendesha baiskeli za mashindano huko Ulaya huuchovya mnyororo uliosafishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, nao hukaa mkavu, bila kushika vumbi. Tulijaribu, tukiyeyusha nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana nta iwekwayo juu ya moto wenyewe yaweza kuwaka. Kiangazi mnyororo ulikuwa safi hata ukiushika kwa kanzu nyeupe. Mvua zilipoanza, nta ilibanduka, na kutu ikaonekana upesi. Basi, mishumaa ni ya kiangazi.

Kilichotushinda wote kwa ubora wakati wa masika ni oili ya gia, ile nzito ya namba 90, mpya, inayouzwa katika maduka ya vipuri kwa ajili ya magari. Siku hizi vijana wa bodaboda wanaijua, kwa kuwa minyororo ya pikipiki nayo huitaka. Hung'ang'ania chuma, haiondoki kwa mvua moja wala mbili, na bado si nzito kama grisi. Ikiwa inachelewa kupenya kwa ajili ya baridi, chupa huwekwa juani kidogo, au katika maji ya uvuguvugu, nayo hulegea. Isipopatikana, oili mpya ya injini, namba 40, ni ya pili yake. Neno la kukazia ni mpya.

Lakini hata oili njema ikipakwa vibaya ni kazi bure. Utaratibu tuliofundishwa na fundi ni huu. Jioni ukirudi na mvua, futa mnyororo kwa tambara kavu ukizungusha pedali nyuma. Kama una matope, usugue kwanza kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, mbali na jiko na kibatari, kisha uache ukauke kabisa, ama juani ama kando ya ukuta usiku kucha. Ndipo utie tone moja, moja tu, juu ya kila kijigurudumu, kwa upande wa ndani. Zungusha pedali kwa dakika moja au mbili. Acha hadi asubuhi, ili mafuta yapate muda wa kuingia. Kabla ya kuondoka, futa nje yote kana kwamba hukutia kitu. Mnyororo uliotunzwa vema hauonekani kuwa na mafuta.

Aidha, madigadi ya mbele yakiongezewa kipande cha mpira wa tairi kuukuu kinachoshuka karibu na ardhi, matope mengi hayaufikii mnyororo. Wale wa Uholanzi, ambao nao wana mvua nyingi, wengi wao huufunika mnyororo wote ndani ya kasha. Baiskeli zetu zina kava la juu tu. Kipande cha mpira kinatusaidia.

Na ujue wakati wa kuuaga. Kila pingili ina urefu wa nusu inchi. Hesabu pingili 24 na uzipime kwa rula: kutoka pini hadi pini zinapaswa kuwa inchi 12 kamili. Zikizidi kwa milimita 3, mnyororo umelika, na hakuna mafuta yatakayourudisha.

Tulipokwisha kujifunza hayo, tuliketi na karatasi na kalamu. Mnyororo wa baiskeli ya kawaida una pingili 112 hivi. Tone moja kwa kila pingili, jumla yake ni kama kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5 au kuzidi kidogo. Lita moja ina vijiko 200. Walimu wetu wakati ule walikuwa wanane. Kama kila mmoja atatia mafuta mara moja kwa juma, kwa majuma 25 ya mvua za masika na vuli, ni vijiko 200. Lita moja.

Tulirudia hesabu ile mara mbili, tukitumaini tumekosea. Lita moja ya oili safi ilitosha walimu wote wa parokia kwa mvua zote za mwaka, nasi tulikuwa tumeona ni nyingi mno. Tulikuwa tumenunua maua ya Pasaka mwaka ule bila kuhesabu kitu.

Katika mkutano uliofuata tuliwaomba walimu msamaha, na kwanza yule. Wao waliona jambo hili si la kuombea msamaha, wakacheka kidogo, wakataka tuendelee na ajenda. Yule mwalimu hakucheka. Alisema, "Tunashukuru, Baba. Mnyororo ule nilikuwa nadhani ni mimi." Kwa majuma kadhaa alikuwa amekwenda na kurudi akiamini kwamba mama yule alikufa akimngoja kwa uzembe wake. Maswali yetu ya alfajiri ile ndiyo yaliyompa wazo hilo.

Amekwisha staafu sasa. Mwalimu aliyemfuata ana pikipiki, na mgonjwa akizidiwa hutupigia simu. Walakini wengi katika vigango vyetu bado wanaendesha baiskeli, na chupa bado iko nyuma ya mlango wa stoo: oili ya gia, namba 90, pamoja na kijiko kimoja chenye alama nyekundu ili kisirudi jikoni, na mfuko wa matambara. Yeyote apitaye aweza kutia, awe mwalimu au mbeba ndizi. Tunaomba jambo moja tu kwake, nalo tumeliandika kwa chaki kwenye mlango: futa kwanza.

Oili ya zamani ya gari huwa tunaiacha kwa fundi gereji.

Tunawatakia juma jema, na safari salama katika matope.